Simu Haikukataza Salamu

Majuma machache yaliyopita, ndugu mmoja mzaliwa wa Pemba, mkazi wa kata hii ya Nkuhungu na mtumishi katika mojawapo ya ofisi za Serikali zilizohamia Dodoma, alikuwa ndani ya daladala akielekea kazini Mtumba. Alifungua simu yake ya mkononi akakuta ujumbe katika kundi la ukoo wao. Ujumbe huo ulikuwa na maneno manne na picha ya mikono miwili iliyounganishwa: "Bi mkubwa hatunae. Poleni." Basi. Jina halikutajwa, wala pahala, wala saa ya maziko. Na katika ukoo ule wapo wanawake watano waitwao bi mkubwa, mmoja wao akiwa ni mama yake mzazi.

Alipiga simu kwa kila aliyemjua asipokelewe, kwa kuwa huko nyumbani kila mtu alikwisha kushika shughuli. Aliteremka njiani, akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, vumbi la magari likimpitia usoni. Ilipotimu saa nne ndipo mpwa wake alipopokea, akamwambia kwamba aliyefariki ni shangazi wa marehemu baba yake. Jioni ile tulipokwenda kumpa mkono wa taazia, sisi watu wa Visiwani tuliopo hapa mtaani, alitwambia kwamba linalomsumbua si ule ujumbe tena. Linalomsumbua ni kwamba alipoambiwa si mama yake alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti, mbele ya abiria waliokuwa wakingoja gari, na huku bibi yake yumo katika sanda.

Aliyeandika ujumbe ule hakuwa na nia mbaya. Ni kijana msomi, mwenye shahada, na bila shaka alitaka kuwahi. Lakini kosa lake ndilo kosa letu sote siku hizi, na ndilo tunalotaka kulizungumza katika safu hii na ndugu zetu wa Unguja na Pemba, na vilevile na viongozi wa Serikali zetu mbili, ambao nao, kama itakavyoonekana, hawamo nje ya jambo hili.

Kwanza tuseme wazi kwamba hatukusudii kuilaumu simu. Watu wa Visiwani si wageni wa kupelekeana habari kwa mbali. Waya wa simu za maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na tangu hapo mfanyabiashara wa karafuu alijua kwamba kila neno lina bei yake, kwa hiyo alipima neno kabla hajalilipia. Zilipokuja simu za mkononi, na hasa baada ya Zantel kuanza huduma Zanzibar mwaka 1999, ufupi ulirudi kwa sababu ile ile ya fedha. Ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi 160 tu, na kila ujumbe ulikatwa senti zake. Mwanafunzi wa dakhalia aliyekuwa na vocha moja ya kumfikisha mwisho wa mwezi hakuwa na budi kuandika "cku" badala ya "siku" na "k2" badala ya "kitu". Huo ulikuwa ni ufukara, na ufukara si aibu.

Lakini ufukara ule umekwisha. Katika WhatsApp mtu haulizwi kaandika herufi ngapi. Kifurushi cha siku moja chaweza kubeba kitabu kizima. Lililobaki ni mazoea, na mazoea yamekuwa mabaya kuliko haja iliyoyazaa. Mtazame kijana anayeandika "xaxa" kwa kukusudia "sasa". Amepunguza nini? Herufi ni nne kule na nne huku. Hapo hapana akiba ya fedha wala ya kidole. Ni mtindo tu, kama suruali za chini pana za zamani zile, na mtindo wenyewe si kitu cha kuogopa. Kitu cha kuogopa ni pale mwalimu wa skuli anapopokea insha imeandikwa "apo" kwa "hapo" na "ivo" kwa "hivyo", na yule mtoto, akiulizwa, haoni kosa liko wapi, kwa sababu hajapata kuliona neno lile limeandikwa kwa namna nyingine zaidi ya mara chache vitabuni. Huyo hakufupisha, maana mtu hawezi kufupisha asichokijua kwa urefu wake.

Wala ufupi peke yake haukuwa kosa asilani. Mama zetu wamevaa ujumbe mfupi kwa zaidi ya karne moja. Jina la kanga huwa maneno manne, matano, pengine sita, nayo yamevunja ndoa na kuzifunga nyingine. Lakini mwanamke akiingia dukani Darajani kununua kanga huipindua hii, akaisoma, akaiweka; akaipindua ile, akaisoma, akacheka. Anajua nani atayasoma maneno yale, ataipita nyumba gani akiwa amejifunga, na atajibiwa nini. Hutumia nusu saa kuchagua maneno matano. Sisi leo hatutumii hata nusu dakika kwa tanzia.

Na sisi tuliosomeshwa chuoni kabla ya kuingia skuli tuna mfano wa zamani kuliko kanga. Barua aliyoipeleka Nabii Suleiman kwa malkia wa Sabaa kwa kinywa cha hudihudi, kama ilivyoelezwa katika Suratun-Naml, ilikuwa fupi mno. Lakini malkia alipowasomea wakuu wake, jambo la kwanza alilowajulisha ni barua ile imetoka kwa nani, na la pili ni kwamba imeanzwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mfalme aliyekuwa na majini na pepo katika amri yake hakuona ni kujishusha kumtajia jina lake mtu asiyemjua.

Tunalitaja hilo kwa sababu lina faida ya dunia pia. Hapana mtu nchini asiyepata kupokea ule ujumbe usemao, "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imewaomba wananchi wautume kwenda namba 15040 bila ya malipo ili namba za wezi zifungwe, na imeendesha kampeni yake ya Sitapeliki kuwazindua watu. Kazi hiyo twaisifu. Hata hivyo tujiulize, kwa nini mwizi yule huandika maneno machache namna ile, bila salamu wala jina? Ni kwa sababu ndivyo tuandikavyo sisi wenyewe. Ameusoma mwandiko wetu akauiga. Kama kila mwana angekuwa na desturi ya kumwandikia baba yake, "Shikamoo baba, mimi fulani, zile fedha za saruji tulizozungumza juzi", basi ujumbe wa mwizi ungejulikana kwa ukavu wake, kama sarafu ya bandia ijulikanavyo kwa mlio. Wazee wengi wameibiwa kwa kuwa watoto wao wamewazoesha kupokea amri zisizo na mwenyewe.

Hatusemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Sisi tuliozaliwa miaka ya mwanzo wa 1980 tumeziwahi barua za posta, na tuseme kweli, nyingine zilichosha. Karatasi mbili za kuulizana hali, kuku wazima, mbuzi wazima, jirani mzima, na katika mstari wa mwisho, palipobaki nafasi ya kidole, "baada ya hayo, ile nyumba imeanguka." Lakini anayetaka kujua barua ya Kiswahili iliweza kubeba uzito gani na azisome barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za tangu mwaka 1931 hadi 1958, zilizochapishwa kuwa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Ni ndugu wawili wakiandikiana mambo yao, na anayezisoma leo anamwona mtu mzima mbele yake. Je, wajukuu zetu wataokota nini kutoka kwetu? Simu iliyokufa betri.

Swali hilo latufikisha maofisini, na hapa tunaomba radhi kwa viongozi kabla ya kusema.

Mtumishi wa Serikali wa zamani alilalamikiwa kwa ukiritimba wake, na malalamiko yalikuwa na haki. Barua zilianza kwa "Yah:" na kuendelea kwa "kichwa cha habari hapo juu chahusika", kana kwamba kuna msomaji asiyeona juu. Lakini barua ile ilikuwa na kumbukumbu namba, ilipita masijala, iliingia katika jalada, na afisa alipotaka maoni ya mwenziwe aliandika dokezo sabili lenye jina, cheo na tarehe. Miaka ishirini baadaye mtu aliweza kujua nani aliamua nini na kwa sababu gani. Leo jambo zito huulizwa katika kundi la simu saa tano ya usiku, na hujibiwa kwa picha ya dole gumba. Dole hilo lina maana gani? Nimeona? Nimekubali? Nimeidhinisha? Au nimechoka, niacheni nilale? Tumepata kumshuhudia mtumishi aliyejua kwamba amehamishwa kwa kuiona picha ya barua yake ikizunguka katika kundi la watu wasiomhusu, siku mbili kabla ya barua yenyewe kumfikia mezani.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, haikutungwa kwa ajili ya kupamba rafu. Kule Kilimani, Unguja, katika nyumba ya Nyaraka, zimo barua za enzi za masultani ambazo wanavyuoni huvuka bahari kuja kuzisoma. Haiwezekani barua za enzi za masultani ziwe salama kuliko maamuzi ya Serikali ya wananchi, ambayo yamo katika mfuko wa suruali ya mtu, na mtu huyo kila Ijumaa yumo ndani ya boti ya Azam akiinamia ukingoni kupiga picha. Ofisi nyingi sasa zina mfumo wa ofisi mtandao, na hiyo ndiyo njia ya haki ya kwenda na wakati. Kilichobaki ni wakubwa kuutumia wao wenyewe badala ya kuwaachia makarani.

Isisemwe kwamba tunawanyooshea kidole wengine. Mwandishi wa safu hii ni kada wa Chama, na mwaka jana alitakiwa kuwaita wanachama wa mashina mawili ya hapa Nkuhungu kuzibua mtaro kabla ya mvua. Badala ya kupita nyumba kwa nyumba kama tulivyofunzwa, aliona uvivu akaandika katika kundi: "Kesho saa 2 mtaro." Madole gumba yakafika thelathini na moja. Kesho yake, saa mbili asubuhi, walifika watu wanne. Wengine kumi na wawili walikuja saa nane mchana na majembe yao, kwa sababu simu zao huandika saa za kizungu, nao waliisoma 2 kuwa ni ile ya simu. Mzee mmoja Mgogo, jirani yetu, aliuliza kama ni saa mbili za usiku, na kama ni za usiku, taa italetwa na nani. Waliobaki hawakuja kabisa. Mtaro haukuzibuliwa siku ile, mvua haikungoja, na nyumba mbili ziliingia maji. Wenye nyumba hizo hawakunena kitu. Walinitazama tu.

Yule mzee Mgogo ana desturi moja inayonikumbusha nyumbani. Ukifika kwake na haraka zako, hukuamkia "Mbukwa", kisha akauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za huko baharini kwenu, na ni mpaka hapo ndipo atakapokuruhusu useme lililokuleta. Mwanzo niliona ananichelewesha. Baadaye nilifahamu kwamba wakati akiniuliza ananitazama: anapima sauti yangu, anaona kama nimekuja kwa heri au kwa shari, na anajitayarisha kunijibu. Kwetu ni vivyo hivyo. Sabalkheri, masalkheri na alamsiki hazikuwa pambo la maneno. Zilikuwa ni muda wa kutazamana. Na chuoni tulifundishwa kwamba salamu hurudishwa kwa iliyo bora kuliko hiyo, au angalau kwa mfano wake. Sijui picha ya dole gumba ni mfano wa salamu gani.

Kutazamana huku ndiko kunakopotea hata pale watu walipokaa pamoja. Pitia barazani jioni, iwe Jaws Corner pale Mji Mkongwe au kibaraza chochote cha Wete au Chake Chake. Kahawa ipo, bao lipo, watu wapo, lakini vijana wameinamisha shingo, kila mmoja akimjibu mtu asiyekuwapo. Baraza lilikuwa ni skuli. Hapo ndipo kijana alipojifunza kumpinga mzee bila ya kumvunjia heshima, kukatiza kwa utani, kunyamaza anaposhindwa na kurudi kesho na hoja mpya. Aliyetukana barazani aliona nyuso zikibadilika, na pengine alikosa kikombe cha kahawa kwa juma zima. Anayetukana katika kundi haoni uso wa mtu.

Ndiyo maana lugha ya siasa katika mitandao ya Facebook na mingineyo imekuwa kali kuliko ya wakati wowote tunaoukumbuka majukwaani. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wapo waliofikishwa mahakamani kwa hiyo. Sheria yaweza kumnyamazisha mtukanaji. Haiwezi kumfundisha kujenga hoja. Na tukubali jambo ambalo halipendezi: matusi hayo hayatoki upande mmoja. Wapo wana-Chama wenzetu wanaodhani wanakitetea Chama kwa kumtaja mzazi wa mpinzani. Kada aliyefunzwa hujibu hoja kwa hoja. Akishindwa huenda kusoma.

Lakini haki ya simu nayo isemwe. Kuna kitu kimoja ilichokirudisha ambacho barua ilikuwa haikiwezi, nacho ni sauti. Bibi zetu wengi walisoma chuoni wakahifadhi juzuu kadhaa, waweza kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za kirumi zimewapita. Enzi ya barua walikuwa wakimtegemea mtoto wa jirani awaandikie, na siri zao zikajulikana mtaa mzima. Leo bibi wa Makunduchi hubonyeza kidude, akasema, akaachia. Hana haja ya karani. Na hao ndio wanaozungumza Kiswahili kizuri kabisa kilichomo ndani ya simu hizi. Vilevile nimo katika kundi moja la malenga, wa Bara na Visiwani, ambamo mtu hutupa fumbo asubuhi na kufikia magharibi limejibiwa kwa beti kumi zenye vina vilivyotimia. Chombo ni kile kile kilicholeta "xaxa".

Kwa hiyo yapo mambo ya kufanywa, na hayahitaji fedha nyingi. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo kwa sheria tangu mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar tangu mwaka 2004. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoiteua siku hiyo mwaka 2021, mabaraza haya mawili hushiriki sherehe za Kiswahili duniani, kwa ngoma na hotuba. Yangetoa pamoja kijitabu chembamba cha adabu za kuandikiana kwa simu: namna ya kupeleka tanzia, namna ya kuita mkutano, namna ya kutaja saa. Wizara za elimu, ya huku na ya kule, zingekitia katika somo la barua, ambalo bado lafundishwa kana kwamba kila mtoto atanunua stempu. Kwa upande wa utumishi, waraka mmoja tu ungetosha kukataza habari ya uhamisho, ya nidhamu au ya msiba wa mtumishi isipelekwe katika kundi kabla mwenyewe hajaipata kwa kinywa cha mkubwa wake. Masheha nao, ambao sasa karibu wote wana makundi ya shehia zao, wapewe mafunzo ya siku moja. Sheha akiandika vibaya kuhusu chanjo au kivuko kilichoahirishwa, wanaoteseka ni watu mia tano.

Sisi wa mashina haya mawili ya Nkuhungu tumekubaliana, kwa mkutano wa kukaa chini, kwamba wito wa kazi utaandikwa kwa siku, tarehe, saa na neno "asubuhi" au "mchana", na jina la anayeita litiwe chini yake, na balozi apite nyumba za wazee kwa miguu. Mtaro ulizibuliwa mwezi wa pili.

Ama yule ndugu yetu wa Pemba, yeye ametoka katika kundi la ukoo. Mama yake humpelekea ujumbe wa sauti kila Ijumaa baada ya sala. Huanza kwa kujitaja jina lake kamili na la baba yake, kana kwamba mwanawe hataitambua sauti yake, kisha husalimia, kisha humtajia kila aliyeuliza hali yake, na kisha wale ambao hawakuuliza. Ijumaa iliyopita alitusikilizisha. Ulichukua dakika sita, na habari yenyewe ilikuwa katika nusu dakika ya mwisho: mvua imewakuta karafuu zimo majamvini, lakini wamewahi kuzianua.